Kisumu Ilikuwa Bandari Kabla Uzaliwe: Stori ya Matishari na Watu Waliokesha Nayo

Wiki chache zimepita niliposti video fupi ya gati la Kisumu. Jioni, meli imesimama, jua linashuka, maji yametulia. Nilidhani watu wataandika "kwetu ni kuzuri." Komenti iliyopata likes nyingi kushinda zote ilikuwa hii: "Bandari iko Mombasa bana. Nyinyi huko mko na samaki na magugu tu."

Nilicheka. Halafu nikakasirika. Si kwa sababu ya samaki, samaki tunakula na tunashukuru. Nilikasirika kwa sababu babu yangu alifanya kazi kwenye hilo gati miaka kumi na minne, na kazi yenyewe haina hata jina ambalo mtu wa rika langu analijua. Nilitaka kumjibu yule jamaa, nikagundua mimi mwenyewe sina jibu. Nikafunga simu, nikapanda matatu hadi nyumbani, nikamuuliza mzee.

Kwa hivyo leo hakuna mzaha. Leo ni historia. Ni ndefu kidogo, lakini kaa nayo.

Tishari ni nini kwani?

Tuanze na neno. Tishari. Wengine husema tishali. Ni chombo cha chuma, kipana, tumbo bapa, cha kubeba mzigo majini. Ila hakina injini. Ukikiacha peke yake kinaelea tu kama sahani kwenye karai. Ili kisonge lazima kivutwe au kisukumwe na meli ndogo yenye nguvu kubwa kuliko umbo lake. Hiyo meli ndogo inaitwa tagi.

Utauliza, kwa nini mtu atengeneze chombo bila injini? Fikiria lori la Malaba. Kwenye lori kitu cha bei ni kile kichwa. Trela ni chuma na magurudumu tu. Sasa lori likikaa foleni siku mbili likingoja kupakuliwa, kichwa kimekaa bure, dereva amekaa bure, mwenye lori anapoteza pesa. Dawa ni kuacha trela lipakuliwe polepole, kichwa kiende kuvuta trela lingine. Basi, tagi ni kichwa, tishari ni trela. Injini moja inahudumia matumbo mengi, na injini hiyo haingoji mtu.

Kabla niache chuo mwaka wa pili, kwa sababu ya karo na mambo mengine ambayo si ya leo, nilikuwa nasomea mambo ya ugavi. Tulifundishwa kuhusu mto Mississippi huko Marekani. Kule meli moja inasukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, safu tatu, kila safu matano, na kila tishari limebeba karibu tani 1,500. Piga hesabu: zaidi ya tani 22,000 kwa safari moja. Na kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuyakusanya matishari kando ya mto, kuyafunga, kuyachunga usiku na mchana, kisha kuyapanga upya kila tagi ikija kuchukua yake. Hiyo tu. Ni biashara nzima.

Mwalimu alichora ubaoni, mimi nikaandika noti. Hakuna aliyesema kwamba kazi kama hiyo iliwahi kufanyika safari ya matatu moja kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Na mimi, mjukuu wa mtu aliyeifanya, sikujua kuuliza.

Meli iliyokuja vipande vipande

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyekuwa akisimamia kutandika vyuma. Port Florence ndiyo Kisumu ya leo. Na kama umewahi kushangaa kwa nini reli iliyo Kenya iliitwa Reli ya Uganda, sababu moja ni kwamba Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa Uganda hadi 1902. Sababu kubwa ni kwamba Uganda ndiko Waingereza walikuwa wanataka kufika. Hii Kenya ilikuwa njia tu.

Lakini cheki: reli iliishia majini. Treni ya kutoka Mombasa haikufika Kampala hadi 1931, baada ya daraja kujengwa juu ya Nile pale Jinja. Kwa hivyo kwa miaka mingi, karibu kila kitu kikubwa kilichoenda Uganda au kutoka Uganda kwa reli kilipitia Kisumu na kuvuka ziwa. Mashine, chumvi, vitambaa, barua, wamishonari, wanajeshi. Kurudi, pamba na ngozi. Yule jamaa wa komenti, naomba uisome hii aya mara mbili.

Sasa, meli kubwa inafikaje kwenye ziwa lililo mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari? Inakuja kama fanicha ya kujiungia. Meli ya kwanza kubwa ya Waingereza kwenye ziwa hili, William Mackinnon, ilijengwa Paisley, Scotland, mwaka 1890, na kampuni ya Bow, McLachlan. Waliiunganisha kule, wakaandika namba kwenye kila kipande, wakaifungua yote, wakaipakia kwenye meli nyingine ikaletwa Mombasa. Ilikuwa imeagizwa na ile kampuni ya Waingereza iliyotawala huku kabla ya serikali yao kuchukua, na reli ilikuwa bado ndoto. Vipande vikangoja, vikabebwa kidogo kidogo. Meli ikashuka majini Kisumu mwaka 1900. Miaka kumi tangu ijengwe! Wewe unalia parseli yako imechelewa wiki moja.

Baada yake zikaja nyingine kwa mtindo huo huo wa vipande: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga. Zote hizo kufikia 1914. Angalia majina vizuri. Kwanza mabwana na mabibi wa Ulaya, baadaye majina ya sehemu zetu. Jina la mtu aliyebeba kile chuma kichwani au mgongoni kupanda Mau halimo.

Na kitu kidogo cha kukufurahisha: "stima" unayosema imepotea kila mvua ikinyesha, hilo neno lilianza kuwa jina la meli ya mvuke. Umeme ulilirithi tu. Babu bado akisema "stima ilikuja usiku" lazima nimuulize ni ile ya waya au ile ya maji.

Tagi ilienda vita

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipigwa mpaka kwenye ziwa letu. Wajerumani walikuwa Mwanza, Waingereza Kisumu. Wajerumani hawakuwa na meli za kivita ziwani, walichokuwa nacho ni tagi inayoitwa Muansa. Wakaifunga mizinga. Septemba 1914 Winifred ikaenda Karungu, upande wa Homa Bay na Migori, kushusha wanajeshi, ikakutana na hiyo tagi na ikageuza. Ilibidi irudi na mwenzake, tagi ya Kisumu iitwayo Kavirondo, nayo imefungwa silaha.

Nimeiweka hii hapa kwa sababu moja. Vyombo vya kazi ya mizigo, vya kuvuta marobota, ndivyo vilivyoamua nani anatawala ziwa. Waingereza walipoingia Mwanza Julai 1916 walipita majini. Wapagazi wetu walikufa kwa maelfu kwenye ile vita wakibeba vitu mgongoni pale ambapo reli na meli hazikufika. Mtaa wa Kariakor Nairobi, na Kariakoo ya Dar, majina yao yanatoka kwa hao wapagazi. Usafiri si mambo ya kuchosha ya darasani. Mahali ambapo hakuna chombo cha kubeba, mtu ndiye anageuzwa chombo.

Pamba, na safari ya robota moja

Pamba ilianza kupandwa kwa wingi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900. Na pamba ina tabia yake: inavunwa msimu mmoja, halafu yote inataka kwenda siku moja. Ukinunua meli za kutosha msimu wa pamba, miezi mingine zitakaa zikishika kutu. Hapa ndipo tishari linaonyesha akili yake. Unaongeza matumbo bila kuongeza injini. Msimu ukiisha, matumbo yanafungwa gatini yanangoja, na hayali makaa.

Huko Uganda mambo yalikuwa magumu zaidi. Ziwa Kyoga ni la kina kifupi na limejaa mafunjo. Meli ya kawaida ingekwama. Kwa hivyo walileta meli zenye gurudumu kubwa nyuma, kama zile za Mississippi kwenye sinema, zenye tumbo la kuingia maji kidogo tu. Ziliitwa Stanley, Speke na Grant, majina ya wale wazungu waliozunguka wakisema wamegundua mahali ambapo watu walikuwa wanaishi tayari. Meli hizi zilitembea na matishari ya pamba.

Fuata robota moja. Linapakiwa kwenye tishari pwani ya Kyoga. Linapelekwa Namasagali. Pale linapakuliwa, linaingia treni ya Busoga, reli iliyofunguliwa 1912, hadi Jinja. Jinja linapakuliwa tena, linaingia kwenye chombo cha Ziwa Victoria hadi Kisumu. Kisumu linapakuliwa tena, linaingia treni hadi Mombasa. Mombasa linapakuliwa, linaingia meli ya baharini. Hesabu mara ngapi limeinuliwa na mgongo wa mtu. Makuli ndio waliokuwa mashine.

Na tusidanganyane kwamba hiki kilikuwa kipindi kitamu. Mfumo wote huu ulijengwa kutoa mali huku kupeleka viwanda vya Uingereza. Mkulima alilipwa kidogo, kuli kidogo zaidi. Sitaki mtu asome hii akafikiri namlilia mkoloni. Ninachosema ni kwamba akili ya kazi ilikuwepo, na waliokuwa nayo mikononi walikuwa watu wetu.

Kyoga yenyewe iliishia vibaya. Mvua za 1961 na 1962 zilijaza maziwa yote. Visiwa vya mafunjo viling'oka, vikaelea na kuziba njia, na huduma ya meli Kyoga ikafungwa. Maji yenyewe yalifunga biashara.

Kazi ya mzee

Babu aliajiriwa Kisumu mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini. Ziwa bado lilikuwa juu kutokana na zile mvua. Anasema aliulizwa swali moja tu: unajua kuogelea? Akasema ndiyo. Hakuna aliyemwambia aonyeshe, na hiyo ndiyo bahati iliyoniletea mimi duniani, kwa sababu mzee hajui kuogelea mpaka leo.

Hakupewa meli. Alipewa matishari. Usiku yalikuwa yanafungwa ubavu kwa ubavu, matano au sita, yakingoja tagi. Kazi yake ilikuwa kukesha nayo. Nilidhani kukesha ni kukaa na kurunzi, nikamwambia hivyo. Akaniangalia kama mtu aliyekosea jina lake.

Kukesha ni hivi. Unazunguka na taa, unahakikisha kila tishari la mwisho lina taa yake inayowaka, ndiyo meli inayoingia usiku isiligonge. Unafungua kifuniko, unashusha kijiti, unapima maji yaliyoingia chini. Tishari zee linavuja kidogo kidogo. Maji yakizidi unapampu kwa mkono, hata kama ni saa tisa usiku na mvua inapiga. Kisha kamba. Mzigo ukipungua tishari linapanda na kamba inakaza. Mzigo ukiongezeka linashuka na kamba inalegea. Upepo ukija kutoka ziwani yote yanasukumana, na kama moja limefungwa vibaya, linavuta jirani, jirani anavuta jirani.

"Kamba ikilia, iache ilie," akaniambia. "Lakini ukiona inatoa maji kama nguo inayokamuliwa, usisimame karibu nayo, nyakwara. Hiyo imeshaamua."

Alfajiri serahangi anakuja na orodha. Tagi inataka tishari fulani na fulani. Na kila siku, anasema, lile linalotakiwa ndilo limefungwa ndani kabisa. Kama umewahi kuona matatu imezibwa kwa stage na zingine nne na makanga wote wanapiga kelele, basi hiyo ndiyo picha, isipokuwa hizi hazina breki wala usukani. Unafungua la nje, unalishikilia kwa kamba, unalisogeza kwa nguvu za watu wanne, unatoa la ndani, unarudisha la nje, unafunga upya. Halafu unafanya tena.

Tagi ikitoka, ndani ya ghuba wanalivuta kwa kamba fupi, kwa sababu njia ni nyembamba na maji si ya kina. Wakishatoka ziwa wazi wanarefusha kamba. Mimi nilidhani kamba fupi ni salama zaidi. La. Kwenye mawimbi, tagi inaweza kuwa inapanda wakati tishari linashuka. Kamba fupi itakatika au itang'oa chuma. Kamba ndefu ina ule ulegevu wa kumeza mshtuko. Na hatari kubwa ni kusimama. Tagi ikisimama ghafla, tishari halijui. Linaendelea kuja na tani zake zote.

Mkono wa kushoto wa babu una vidole vitatu. Mwaka 1968, asubuhi ya kupanga matishari, kamba ilijizungusha kwenye kile chuma cha gatini mkono wake ukiwa katikati. Alifungwa kitambaa, akapumzika siku kadhaa, akarudi kazini. Haongei sana kuhusu hilo. Mimi nilikua nikidhani alizaliwa hivyo.

Treni ikapanda meli

Katikati ya miaka ya 1960 zikaja meli mbili kutoka kwa Yarrow wa Glasgow, nazo kwa vipande, zikaunganishwa Kisumu: Umoja na Uhuru. Hizi zilikuwa na reli ndani. Treni inasukuma mabehewa moja kwa moja tumboni mwa meli, hadi 22, meli inavuka, upande wa pili mabehewa yanatolewa na kuendelea. Kisumu, Jinja, Port Bell, Mwanza. Hakuna kuli, hakuna robota kuinuliwa mara tano.

Nilimuuliza babu kama alikasirika. Akasema hapana, ilikuwa kitu cha ajabu, watu walitoka mjini kuja kuangalia treni ikipanda meli. Lakini kila mwaka matishari yaliyotakiwa yalipungua, na waliokesha wakapungua pia. Teknolojia nzuri inaweza kuwa nzuri na bado ikakuacha nje. Hii nadhani kizazi chetu tunaielewa bila kuelezewa.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika lililokuwa linaendesha reli na meli za nchi tatu likagawanywa kama vyombo vya nyumba ya waliotengana. Victoria na Umoja zikabaki Tanzania. Uhuru ikabaki Kenya. Uganda haikupata hata moja ya zile kubwa za mabehewa, ikabidi inunue zake Ubelgiji miaka ya 1980: Kabalega, Pamba na Kaawa. Ziwa moja, likawa na mipaka mitatu katikati ya maji. Babu akaenda nyumbani kulima.

Miaka mingi baadaye alienda kwenye ofisi moja kufuatilia haki yake ya kazi na ya ule mkono. Mamangu alienda naye, ndiye aliyenisimulia hii sehemu. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimpa fomu. Kwenye fomu kulikuwa na mstari: jina la meli uliyohudumu. Babu akasema matishari. Karani akamwambia, mzee, andika jina la meli. Babu akasema hayakuwa na majina, yalikuwa na namba, namba saba, namba kumi na moja. Karani akatafuta kwenye daftari alilokuwa nalo. Kulikuwa na manahodha, kulikuwa na mainjinia, kulikuwa na meli. Waliokesha na matishari hawakuwemo. Mstari ukabaki wazi, na fomu yenye mstari wazi haiendi popote.

Hakulipwa. Hajawahi kulipwa. Ana miaka zaidi ya themanini sasa.

Sasa tuko wapi

Baada ya hapo bandari ilididimia polepole. Malori yakachukua mzigo. Gugu maji likaingia ziwani na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa linafunga gati la Kisumu zima, ungesema ni uwanja wa nyasi. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana na Kabalega ikazama. Uhuru yetu ikaegeshwa zaidi ya miaka kumi. Watoto wa rika langu tuliikuta hivyo, kitu kikubwa chenye kutu ambacho unapigia picha nyuma yake.

Halafu mambo yakageuka. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika 2018. Uhuru ikakarabatiwa na kufikia mwisho wa 2019 ikaanza tena kwenda Port Bell. Kisha ikaja Uhuru ya pili, karibu mita 100 kwa urefu, iliyochorwa na kampuni ya Damen ya Uholanzi na kuunganishwa hapa Kisumu na Kenya Shipyards. Umeona? Vipande kutoka Ulaya, kuungwa Kisumu. Ni kama 1900 tena. Tofauti ni kwamba safari hii ni chombo chetu, kwa jina letu. Hiyo si ndogo, na nilifurahi kama wengine.

Lakini maoni yangu ni haya, na unaweza kunipinga. Sisi tunapenda uzinduzi. Utepe, kofia, hotuba, drone. Meli ni kitu kinachoonekana. Kile kinachofanya meli iwe na maana hakionekani: ratiba inayoheshimiwa, mzigo ulio tayari gatini, reli ya kuuleta, na watu waliofundishwa kukesha. Wale wa zamani, pamoja na dhuluma yao yote, walijua injini ya bei haifai kungoja. Ukiwa na meli nzuri inayokaa gatini wiki mbili ikingoja mzigo, una mnara wa kumbukumbu unaoelea.

Wengine wataniambia lori linafika hadi mlangoni, meli haifiki. Ni kweli. Nyanya na maua usizipeleke kwa tishari. Lakini saruji, mbolea, nafaka, mafuta, chuma, hivyo haviharakishi. Uhuru ile ya kwanza inabeba karibu tani 1,180. Ukichukua lori la tani 28, hiyo ni zaidi ya malori 40 ambayo hayako barabarani usiku kule Mau Summit na Busia. Wewe uliyewahi kuzika mtu wa barabara hiyo, fanya hesabu yako mwenyewe.

Na kuna kazi. Si kazi za unahodha peke yake. Tagi inahitaji mabaharia, gati linahitaji watu wa kamba, vyombo vinahitaji wachomeleaji, wapiga rangi, wapima maji. Hizi ni kazi ambazo hazihitaji digrii niliyoiacha, zinahitaji mafunzo na mtu wa kukuandika jina. Naomba sana hapo: kukuandika jina. Kama bandari inarudi, kila anayegusa kamba awe kwenye daftari, pamoja na yule wa usiku. Fomu isimuulize jina la meli peke yake. Imuulize alifanya nini.

Kwa yule jamaa wa komenti: sina kinyongo. Hukuambiwa, kama mimi nisivyoambiwa. Lakini kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi reli, bandari, posta, kiwandani, mahali popote pale, kaa naye ukiwa na simu imewashwa, umuulize kazi yake ilikuwa hatua kwa hatua. Usimuulize cheo. Muulize asubuhi alianza na nini. Anika hapo chini alichokuambia, nitasoma zote.

Nilimwonyesha babu ile video. Akaishika simu mbali kidogo na macho, akaangalia meli, akaangalia maji, hakusema kitu kuhusu jua langu zuri. Akarudisha nyuma akaangalia tena. Kisha akagusa skrini kwa kidole, pale ambapo kamba imefungwa gatini.

"Na usiku," akauliza, "hapa analala nani?"

Sikujua. Kesho narudi gatini kuuliza.